Herufi zenye mbwembwe: kuchora fonti yako kwa mkono na pa kuitumia

Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea bango mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi. Sikuwa na muda wa kuchora, kwa hiyo nikapakua fonti ya bure inayoiga mwandiko wa brashi, nikaandika: Karibu chakula: wali, samaki, maharage. Bango likachapishwa, likatundikwa, nami nikaondoka nikijiona fundi.

Siku ya pili nikamkuta mzee mmoja amesimama mbele yake. Ni mtu aliyeandika vibao vya maduka kwa mkono tangu ujana wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hili kaandika nani?"

"Mimi, mzee."

"Hapana. Hili kaandika mashine. Hebu hesabu hizo a zako."

Nikahesabu. Zilikuwa tisa, na zote zilijikunja mahali pale pale, zote zina mchirizi ule ule wa wino mkiani. "Mkono wa mtu," akasema, "hauzai mapacha tisa."

Tangu siku hiyo fonti za bango nachora mwenyewe. Nikisema fonti ya bango nina maana ya herufi zilizotengenezwa kwa maneno machache makubwa: jina la mgahawa, fulana ya timu, jalada, stika ya bajaji. Si za kuandikia barua. Herufi hizo zinaruhusiwa kuwa na vituko, kupinda, kunenepa, hata kuyumba kama zimetoka harusini. Ninayoyaeleza hapa ndiyo njia ninayoifuata mimi, na muda mwingi nitakaa kwenye hiyo a, maana ndiyo inayowaumbua wengi wanaoandika Kiswahili.

Hatua ya 1: Chagua kituko kimoja

Kosa la anayeanza ni kutaka kila herufi ichekeshe kwa namna yake. K inapiga teke, S imevaa kofia, O ina macho. Ukiziweka pamoja kwenye neno, msomaji haoni neno, anaona sarakasi.

Chagua kituko kimoja na ukirudie kwenye herufi zote. Labda kila mguu wa herufi unapanuka chini kama suruali ya bugaluu. Labda tumbo la kila herufi ya mviringo limeshuka chini kuliko kawaida, kwa hiyo b, d, g na o zote zinaonekana zimeshiba. Tazama Cooper Black, iliyotoka mwaka 1922 na kuchorwa na Oswald Cooper wa Chicago: ujanja wake mkubwa ni kwamba haina ncha kali, kila kona imelainishwa kama sabuni iliyotumika. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado inaitwa kazini.

Kiandike kituko chako juu ya karatasi kwa sentensi moja kabla hujachora chochote. Sentensi ikikushinda, kituko hakijakomaa.

Hatua ya 2: Vifaa na mistari

Huhitaji kompyuta ya gharama wala kalamu ya kidijitali. Tafuta maka peni nyeusi yenye ncha pana, karatasi nyeupe za A4, penseli, rula na karatasi moja ya manila. Karatasi ikiwa nyepesi mno wino hutambaa kwenye nyuzi na kingo za herufi huota manyoya. Wengine hupenda hayo manyoya. Mimi siyapendi, na mashine ya kukata stika haiyapendi kabisa, nitaeleza mwishoni.

Kwenye manila chora mistari minne mizito: mstari wa juu wanapofika akina K na h, mstari wa kimo cha herufi ndogo kama a na m, mstari wa chini herufi zinapokalia, na mstari wa mikia ya g na y. Acha sentimita 5 kati ya mstari wa juu na wa kukalia. Weka manila hiyo chini ya karatasi yako na mistari itaonekana kwa nyuma, hivyo hutakuwa na kazi ya kufuta penseli baadaye.

Herufi zikiyumba kidogo juu na chini ya mstari zinapata uhai, lakini yumbisha kwa kipimo. Kwa herufi ya sentimita 5, milimita 2 au 3 zinatosha. Ukizidisha, neno linaonekana limeandikwa ndani ya daladala barabara ya vumbi.

Hatua ya 3: Andika maneno, si alfabeti

Ukichora kuanzia a hadi z mfululizo, mkono unakakamaa na kila herufi inakaa peke yake kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Andika maneno. Herufi zikiwa na majirani zinajipanga zenyewe.

Kiswahili hakitumii q wala x, kwa hiyo herufi ndogo tunazozihitaji ni 24. Maneno haya tisa yanazibeba zote:

jogoo, ng'ombe, chaki, dhahabu, vyura, fimbo, pweza, twiga, shali

Andika orodha hiyo mara tano, kila mara kwenye karatasi mpya, bila kutazama ile ya kwanza. Karatasi ya kwanza kwa kawaida ni ya kutupa. Ya tatu na ya nne ndizo mkono unapokuwa umezoea kituko bila kukisahau. Kisha iandike tena kwa herufi kubwa.

Halafu rudi kwenye a. Kati ya karatasi zote tano utakuwa na a zaidi ya 30. Chagua tatu zinazofanana kama ndugu, siyo kama pacha: mmoja tumbo limejaa, mwingine mkia umenyooka, wa tatu ameinama kidogo. Zisipishane uzito. Mojawapo ikiwa nyeusi kuliko wenzake, jicho litaiona kila itakapotokea na utarudi pale pale kwa mzee. Ukiwa na subira chagua i mbili na u mbili pia, ila kama una nguvu ya herufi moja tu, hiyo iwe a. Fonti nyingi tunazopakua zilichorwa na watu waliokuwa wakiwaza Kiingereza, ambako e ndiyo inayorudi rudi. Kwetu karibu kila neno linaishia na irabu, na a ndiyo bingwa: mahakama, karatasi, wanakaribishwa.

Hatua ya 4: Vidogo vinavyosahaulika

Chora tarakimu 0 hadi 9, nukta, mkato, alama ya kuuliza na ya mshangao. Kisha viwili ambavyo fonti za wenzetu hazivipi uzito.

Kwanza ni kile kikoma cha juu cha ng'. Kwenye ng'ombe na king'ora si pambo, ni sehemu ya sauti. Kwenye kompyuta kina nyumba mbili: kile kilichonyooka cha kibodi, na kile kilichopinda ambacho programu kama Word hukiweka chenyewe. Chora kimoja, ukiweke kwenye nyumba zote mbili. Usipofanya hivyo, siku moja ng'ombe wako atachapishwa akiwa na kikoma cha fonti nyingine kabisa.

Pili ni alama ya bei, 500/= na jamaa zake. Mkwaju (/) na alama ya sawasawa (=) zichore pamoja kama mchoro mmoja, mistari miwili imelala karibu na mkwaju, kama wauza duka wanavyoandika kwa chaki. Ukiziacha kama vipande viwili vya kawaida zitaachana na bei itaonekana kama hesabu ya darasa la tatu.

Q na X chora hata kama huzihitaji, ziweke akiba. Nitazirudia.

Hatua ya 5: Kutoka karatasi hadi mistari

Ukiwa na skana, piga nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe. Huna? Simu inatosha. Weka karatasi karibu na dirisha asubuhi au jioni, simama wima juu yake, na hakikisha kivuli chako hakijaingia. Usitumie taa ya simu, huacha doa jeupe katikati na giza pembeni.

Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nenda menyu ya Colors, chagua Threshold, sukuma mpaka karatasi iwe nyeupe tupu na wino uwe mweusi tupu. Kata kila herufi peke yake. Kazi hii inachosha, sina njia ya kuipamba.

Kisha fungua herufi kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora, bonyeza juu yake, nenda Path, halafu Trace Bitmap. Programu itafuata kingo za wino na kukupa umbo la mistari badala ya picha ya vidoti. Futa picha ya zamani iliyobaki chini, wengi huisahau. Halafu bonyeza Path, Simplify, mara moja tu. Ukibonyeza mara tatu herufi inayeyuka kama mshumaa.

Tengeneza ukurasa wa 1000 kwa 1000 kwa kila herufi, na herufi zote ziwe kwenye kipimo kimoja: usiikuze i ili ijaze ukurasa. Hifadhi kila moja kama SVG, yaani faili la mchoro wa mistari, yenye jina lake.

Hatua ya 6: Kuzipanga ndani ya FontForge

FontForge ni programu ya bure ya kutengeneza fonti, na sura yake ni ya kizamani kiasi cha kukutisha mara ya kwanza. Usijali. Fungua fonti mpya, utaona vyumba vingi, kila chumba kina herufi yake. Bonyeza mara mbili chumba cha a, nenda File, Import, lete SVG yako. Kimo cha kawaida ni vipande 1000: 800 juu ya mstari wa kukalia na 200 chini yake.

Herufi ikishaingia, fanya mambo matatu kwenye menyu ya Element kabla ya kuendelea: Overlap kisha Remove Overlap, halafu Add Extrema, halafu Correct Direction. Ukiruka la tatu, tumbo la a linaweza kuzibwa wino na likabaki doa jeusi.

Weka pumzi, yaani nafasi tupu, kila upande. Herufi zenye miguu iliyonyooka kama m na h zinahitaji pumzi kubwa kidogo, za mviringo kama o na e pumzi ndogo, na zenye mikono hewani kama T na Y pumzi ndogo zaidi. Nafasi kati ya maneno iwe na upana wa i, siyo zaidi. Fonti za mkono zikiachana sana zinaonekana zina njaa.

Sasa fungua dirisha la Metrics na uandike neno TAYARI. Hakuna neno la Kiswahili linalofichua fonti mbovu haraka kama hili. Mkono wa T unafunika kichwa cha A, A na Y zinaelekeana kama watu wanaotaka kupita mlango mmoja, kisha Y na A tena. Ukiacha nafasi za kawaida utasoma T A Y ARI. Sogeza A chini ya mkono wa T. Mimi huanzia vipande 80 kurudi nyuma na kuangalia. A na Y huenda zaidi ya hapo. Ukimaliza na TAYARI jaribu Wateja, Vyakula, Tanga na Yai, kisha uende kwenye mambo yetu ya konsonanti zinazofuatana: Mkate, Mwanza, Nguo, Mchele. Mchora fonti wa Ulaya hakuwahi kufikiria M kubwa ikifuatwa na k, sisi tunaiandika kila siku kwenye vibao vya maduka.

Hatua ya 7: Kuzifundisha a zako kupokezana

Hapa ndipo ule mzaha wa mzee unapatiwa dawa. Ongeza vyumba viwili vipya, uviite a.pili na a.tatu, uweke zile a mbili zilizobaki. Kisha fungua faili tupu la maandishi na uandike hivi:

languagesystem DFLT dflt;
languagesystem latn dflt;
@k = [b c d f g h j k l m n p r s t v w y z quotesingle quoteright];
feature calt {
  sub a a' by a.pili;
  sub a @k a' by a.pili;
  sub a @k @k a' by a.pili;
  sub a @k @k @k a' by a.pili;
  sub a.pili a' by a.tatu;
  sub a.pili @k a' by a.tatu;
  sub a.pili @k @k a' by a.tatu;
  sub a.pili @k @k @k a' by a.tatu;
} calt;

Maana yake ni nyepesi. @k ni kundi la konsonanti, pamoja na kikoma chetu cha ng'. Mstari wa kwanza wa sheria unasema: a ikifuatwa na a nyingine, ile ya pili ibadilike, ndiyo saa na maarufu. Unaofuata unasema ikiwa katikati kuna konsonanti moja, kama baba. Halafu mbili, kama kamba. Halafu tatu, kama ang'aa. Mistari minne ya chini inafanya hivyo hivyo pale iliyotangulia ni a.pili, kumleta ndugu wa tatu.

Lihifadhi kwa mwisho wa .fea, rudi FontForge, File, Merge Feature Info, ulichague. Kisha File, Generate Fonts, toa TrueType, isakinishe na ujaribu neno wanakaribishwa. A ya kwanza itakuwa ya kawaida, ya pili a.pili, ya tatu a.tatu, na ya mwisho, ikiwa imetengwa na ile i mbili, itarudi ya kawaida. Mara ya kwanza ilipofanya kazi niliandika majina ya watoto wote wa mtaani.

LibreOffice, Inkscape na vivinjari vya intaneti hufuata sheria hizi bila kuambiwa. Word inahitaji kuambiwa: fungua dirisha la Font, ukurasa wa Advanced, weka tiki kwenye Use Contextual Alternates. Caveat ya Pablo Impallari, inayopatikana bure Google Fonts, inabadilisha herufi kwa mbinu za namna hii, ukitaka kuona jambo lilivyo kabla hujachora.

Na kama programu ya mteja haitambui sheria hizo? Ndipo Q na X zinapotoka akibani. Tengeneza nakala ya fonti, weka a.pili kwenye chumba cha q na a.tatu kwenye chumba cha x, kisha uzichague mwenyewe unapoandika: ukiandika kqrxta, kwenye bango itasomeka karata. Ni mbinu ya bango na fulana peke yake. Kwenye tovuti usithubutu, maana mtu akitafuta neno hilo halipatikani, na programu inayomsomea asiyeona itatamka vioja.

Hatua ya 8: Pa kuitumia, na pa kuiacha

Comic Sans ni shahidi mzuri hapa. Vincent Connare aliichora Microsoft mwaka 1994 kwa ajili ya mazungumzo ya mbwa wa katuni ndani ya programu moja. Kwenye kiputo cha maneno ya mbwa ingekuwa mahali pake. Watu wakaipeleka kwenye matangazo ya misiba, menyu za hoteli na barua za shule, na tarehe 4 Julai 2012 huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, sehemu ya matokeo ya chembe ya Higgs ikatangazwa kwa slaidi zilizoandikwa kwa fonti hiyo. Ulimwengu ukacheka, ingawa sayansi ilikuwa sawa. Herufi hazikuwa na kosa, zilipelekwa zisikoalikwa.

Kipimo changu ni maneno. Maneno mawili hadi sita kwenye fonti yenye mbwembwe, yaliyobaki yote kwenye fonti ya kawaida isiyo na vituko. Kiswahili kina maneno marefu. Tutakapowasili peke yake ni herufi 14, na herufi 14 zinazocheza ngoma zinachosha jicho kabla halijafika mwisho. Kwa hiyo fupisha. Badala ya Wateja wote mnakaribishwa sana, andika Karibuni kubwa, na mengine chini kwa herufi tulivu.

Namba ya simu usiiandike kwa fonti yako ya vituko, hata kama mteja anaomba. 1 na 7 zikifanana, au 6 ikiwa na tumbo la 0, mteja wa mteja wako anampigia mtu mwingine na wewe ndiye utakayelaumiwa. Bei ni sawa kuiweka, ikiwa kubwa.

Kwa stika za magari na vioo vya maduka, kumbuka nilichosema kuhusu manyoya. Mashine ya kukata hufuata kila kijikona kwa kisu. Herufi yenye kingo chakavu ina vijikona mamia, kisu kinachana stika na fundi anatumia saa nzima kubandua vipande kama magamba ya samaki. Kabla ya kupeleka kazi, badilisha maneno yawe maumbo, kisha punguza vijikona mpaka mviringo wa o uwe na vinne hadi nane. Kwa fulana za kuchapwa kwa skrini tatizo ni jingine: matundu madogo ndani ya e na a hujaa rangi, kwa hiyo yapanue kwenye nakala ya fulana.

Na kama mwandiko unaouiga si wako, bali wa fundi wa vibao unayemfahamu, muulize na mlipe. Mkono wake ndio bidhaa yake. Ukitaka kuisambaza fonti bure, leseni ya SIL Open Font License inaruhusu watu kuitumia na kuibadilisha huku ikizuia kuuzwa peke yake kama bidhaa.

Bango la yule mama nililirudia kwa fonti mpya, a zikipokezana. Nikamwita mzee alitazame. Alisogea, akarudi nyuma, akapachika miwani.

"A sasa ni za mtu," akasema. Kisha akanyoosha kidole kwenye Karibu, akakishusha hadi maharage. "Lakini hiyo r bado ni pacha."